Mashine Nzima ya Fundi Asheri

Asheri alikuwa Mshambaa wa Mlalo, Mlutheri, na kwa miaka tisa aliitunza korona ya shamba moja la katani karibu na Pangani, ile mashine kubwa inayochuna majani ya mkonge. Kuogelea hakujua, na bahari aliitazama kutoka nchi kavu tu. Lakini injini akiisikiliza kidogo, alijua inaumwa wapi. Ndiyo maana, mwaka wa hamsini na sita, Mzee Sadalla alipotaka mashine ndogo ya boti yake alimfuata yeye.

Sadalla alivua nguru kwa kurambaza: boti inakwenda mwendo wa mtu atembeaye, mishipi inaburutwa nyuma, na samaki hufuata chambo. Mashine yake kubwa haikuuweza mwendo huo. Ikipunguzwa hukohoa, plagi zikalowa, ikazima. Sasa alitaka ndogo ya kupachika kando yake, ya kurambazia, na ya kuwarudisha watu pwani siku kubwa ikigoma.

"Nahodha wangu Bakar ni Mpemba, bahari anaijua," alisema Sadalla. "Ila mashine ni mambo ya fundi. Nenda Tanga ukanichagulie."

Dukani Tanga walimtolea mbili. Moja ilikuwa na mguu mrefu wa kushukia majini, imetumika, rangi imebambuka, na ilipowashwa ndani ya pipa la maji ilitoa moshi mzito. Ya pili ilikuwa mpya, nyepesi, mguu wake mfupi. Asheri alifungua plagi akaona cheche safi ya buluu. Alivuta kamba mara moja, ikanguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka.

"Tezi ya boti yenu ina kimo gani?" mwenye duka aliuliza.

Asheri hakujua swali lile lilikuwa la nini. "Ni boti ya kawaida," alijibu, akachukua ile mpya.

Bakar alipoipachika kwenye tezi, nyuma ya boti, aliinama akatazama rafadha, yale mapanga yanayosukuma maji. Yalikuwa yamezama kidogo tu.

"Fundi, mguu huu mfupi."

"Si inasukuma?"

"Hapa mtoni inasukuma," alisema Bakar, akakaza skrubu zake. Mashine ilikwishanunuliwa.

Wiki mbili bahari ilikuwa shwari, nguru wakapatikana. Kisha Bakar akaleta habari kwamba ndogo inapiga kelele huko nje. Sadalla akamwomba Asheri aende akaisikilize mwenyewe. Asheri aliona haya kukataa.

Siku hiyo mawimbi hayakuwa makali, ila yalikuwa marefu. Walikuwa wamekipita kisiwa cha Maziwe, wakienda kwa ile kubwa, uliposikika mlio wa chuma kikisagika, na boti ikapungua mwendo mpaka ikasimama. Asheri alijua kabla hajafungua kitu: meno ya gia yamekatika. Dawa yake ilikuwa karakana, nayo haikuwapo majini.

"Washa ndogo," alisema Bakar.

Iliwaka kwa mvuto mmoja. Wimbi likapita chini yao, likainua tezi, na rafadha ikatoka juu ikazunguka hewani. Mashine ikapiga yowe. Tezi ikashuka, rafadha ikasukuma kidogo, kisha tezi ikainuliwa tena. Asheri alipunguza mafuta, akaongeza, akabadilisha plagi ambayo haikuwa na neno. Aliishika mashine kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mgonjwa, lakini mashine haikuumwa. Kila kitu ndani yake kilikuwa kizima. Kama ingekuwa na ubovu, angeutengeneza.

"Kaa nyuma, tuizamishe," Bakar alimwambia.

Wote wawili walikaa tezini. Rafadha ilizama kweli, lakini wimbi lililofuata likamwaga maji ndani hadi vifundoni. Ikabidi Bakar arudi mbele achote maji, na tezi ikapanda tena. Mkondo uliwavuta kuelekea kaskazini, mahali palipokuwa na mstari mweupe wa maji yanayovunjika.

"Nahodha, tufanyeje?"

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Bakar alimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili akajifunga yeye. Mashine iliendelea kunguruma mpaka boti ilipopanda mwamba, ubao wa chini ukapasuka. Walisimama juu ya mwamba, maji kifuani, mpaka watu wa kijiji cha Ushongo waliokuwa wakivua jirani walipowafikia na ngalawa yao. Boti haikuokolewa.

"Ile mashine ilikuwa mbovu?" Sadalla aliuliza jioni, kwa upole uliomuumiza Asheri kuliko matusi.

"Haikuwa mbovu, mzee. Ilikuwa fupi. Mimi sikujua kwamba ufupi ni kitu."

Sadalla alitikisa kichwa. Boti nyingine hakuwa nayo. Bakar alikwenda Muheza kupakia machungwa kwenye malori. Asheri alimtafutia kibarua pale shambani, akaambiwa nafasi hakuna. Akaenda kwa karani mara ya pili, jibu likawa lile lile.

Likizo ilipofika, alipanda milimani kwao Mlalo. Mkewe Dorkasi alikuwa hajaiona bahari maishani mwake.

"Ulipoingia ndani yake, ikoje?" alimuuliza.

"Pana," alisema Asheri, akaomba maji ya kunawa.