Gongo Lina Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia barafuni kwa mbwembwe, jezi ya mistari imepigwa pasi, filimbi mdomoni, nikaanguka chali kabla mchezo haujaanza. Ndivyo nilivyouanza uamuzi wa hoki ya barafuni kule ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, mtu wa Mwanza niliyejifunza kuteleza ukubwani. Ninyi vijana mnaoogopa kuchekwa, kaogopeni mengine.

Msimamizi wa Waamuzi, mzee mkali ambaye sikumwona hata siku moja bila kikombe cha kahawa, alinifundisha sheria ya gongo la juu, gongo ndiyo fimbo ya kuchezea, asubuhi hiyohiyo. Gongo likivuka mabega likampiga mpinzani usoni, mwenye gongo anakaa katika kibanda cha adhabu dakika mbili. Damu ikitoka, nne. Nikauliza, je, kama hakukusudia?

"Nani kakuuliza habari za moyo wake?" akafoka. "Akikusudia anafukuzwa kabisa. Hii ni sheria ya wasiokusudia. Gongo lake, mzigo wake."

Katika ligi yetu alisamehewa mmoja tu: aliyekuwa akipiga kisahani, kile kidude cheusi kinachogombewa, gongo likapanda kwa nguvu ya pigo lenyewe. Basi kila niliyemkamata aliapa alikuwa akipiga, hata kisahani kikiwa upande wa pili wa uwanja. Waliopigwa nao hawakuwa malaika. Walinivutia midomo chini nione damu, na wengine, Mungu anawaona, walikuwa wamejing'ata wenyewe.

Baadaye nikahamishiwa uwanja wa jirani na Crescent Town, chini ya Katibu wa Ligi, mama mpole aliyenionya jambo moja: "Usichezeshe mechi za ndugu zako." Sikumsikia. Jamaa zetu wa Tanzania na Kenya walipoandaa kombe lao, nikaenda kifua mbele.

Fainali, tuko sare, mchezo unakaribia kwisha. Amini, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akageuka ghafla na gongo lake likamchana mdomo mchezaji wa Kenya. Nikainua mkono: dakika nne.

"Shemeji, come on!" akalia Amini. "Ajali haina kinga! Unajua sikukusudia."

"Najua. Ingia kibandani."

Kwa desturi yetu shauri lilikuwa limekwisha: Amini ameomba radhi, Mkenya amesamehe, wameshikana mikono. Baba mkwe wangu akashuka jukwaani na viatu vyake vya ngozi kuja kusuluhisha, akateleza, akanipita ameketi huku akisema, "Mkwe wangu, wameshapatana!" Nikamjibu kwamba sheria haijui kupatana. Tanzania wakacheza pungufu, wakafungwa.

Amini akaacha kunisemesha. Idi zikapita, harusi zikapita, akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamwomba dada yake. Iliniuma sana. Nilimpenda yule bwana, na uamuzi wangu ulikuwa sahihi, na usahihi haukunipunguzia uchungu hata kidogo.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ukumbini, na Katibu akanizawadia gongo lililopakwa rangi ya dhahabu. Nikalitupia begani kwa maringo, nikageuka kumtafuta mke wangu, ncha ikagonga kitu. Nyuma yangu alikuwa amesimama Amini, aliyeburutwa sherehekeni na dada yake, sambusa mkononi.

Alishika mdomo, akauvuta chini polepole, akanionyesha. Damu.

"Ajali haina kinga!" nikapayuka. "Amini, unajua sikukusudia!"

Amini akanitazama.

"Najua," akasema, neno lake la kwanza kwangu tangu ile fainali. "Kaa."

"Mkuki kwa nguruwe!" baba mkwe akapiga kelele kutoka kitini, na ukumbi mzima ukamalizia, "Kwa binadamu mchungu!"

Nikaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni, mke wangu akitazama saa. Punde Amini akavuta kiti cha pili, barafu mdomoni, sahani ya sambusa mapajani, akakaa karibu yangu. Alinisogezea sahani.

Mke wangu akapuliza filimbi yangu kuashiria kwamba dakika nne zimekwisha. Hakuna aliyeinuka.