Simeon na Ngazi Nyekundu za Kosele

Kama uliwahi kukatiza soko la Kosele ukasikia sauti nene ikiimba wimbo wa kanisani, huku nyundo ikigonga kwa kufuata mdundo wake, basi ulimsikia Simeon, fundi viatu. Alitoka Kisii akiwa kijana, akajenga kibanda kando ya wauza ndizi, akamwoa Nyakerario, mmoja wa hao wauza ndizi, wala hakuhama tena. Viatu alivyoshona havikufumuka. Salamu za Kijaluo alizijibu kwa Kijaluo kibovu kisichokuwa na aibu, na kila mtu akacheka akiwemo yeye mwenyewe.

Lakini furaha yake kubwa ilikuwa Sabato. Katika kwaya ya kanisa lao dogo alisimama mstari wa nyuma akaimba besi, na Nyakerario, aliyekuwa sauti ya kwanza, alisema kwamba Simeon akiimba alihisi mtetemo wake kwenye nyayo.

Kisha Simeon akaanguka.

Ilikuwa Sabato kama Sabato nyingine, watu wakitoka ibadani. Kanisa lao lilikuwa na ngazi za saruji mbele ya mlango, zilizopakwa polishi nyekundu zikang'aa hivi kwamba ungeweza kujitazama meno. Simeon aliweka mguu kwenye ngazi ya juu, na kitabu cha nyimbo kikaenda upande wake na yeye akaenda wake. Nyonga ilivunjika. Alilazwa hospitali mjini Homa Bay, akarudi nyumbani na chuma ndani ya mwili na fimbo mkononi.

"Ilikuwa nini hasa?" watu walimuuliza.

"Viatu," Simeon alijibu kila mmoja. "Soli ilikuwa imeisha."

Soko zima lilicheka mpaka likashika mbavu. Fundi viatu kaangushwa na viatu! Muuza omena wa upande wa pili alikuwa akipaza sauti kila alipompita: "Simeon omera, ndugu yangu, hii sandali yangu nikupe wewe, au nipeleke kwa mtu anayesimama?"

Simeon alicheka pamoja nao. Nyakerario hakucheka. Viatu vile alivitoa yeye mwenyewe miguuni pa mumewe siku ile, akavigeuza, akaona soli mpya yenye meno kama msumeno.

"Baba Gesare, kwa nini unajitukana?" alimuuliza. Gesare ni binti yao wa kwanza. "Ilikuwa ile polishi."

"Polishi ina mwenyewe," Simeon alisema. "Na mwenyewe ana moyo."

Mwenyewe alikuwa Bochaberi, shemasi mkuu wa wanawake, aliyeuza ndizi meza moja na Nyakerario. Ngazi zile zilikuwa huduma yake tangu kanisa lilipojengwa. Kila Ijumaa mchana alifunga meza mapema, akapiga magoti, akapaka. Jua likikaribia kuzama Sabato iingie, alipaka kwa haraka zaidi, na mara nyingi hakupata muda wa kusugua polishi ikaingia. Ililala juu ya saruji kama siagi juu ya mkate. Asubuhi umande ukiongezeka, hata paka wa kanisa alipita kando.

Simeon hakurudi kanisani. Alisema nyonga inauma, kisha akasema ni baridi, kisha akawa hasemi kitu. Siku za Sabato aliketi mlangoni na Biblia magotini, upepo ukileta sauti ya kwaya, na midomo yake ikicheza bila kutoa sauti. Nyakerario alipoona hivyo alifahamu kwamba mumewe haogopi maumivu. Anaogopa zile ngazi. Akaapa kwamba Simeon ataimba tena mstari wa nyuma.

Alianza na nyumbani. Mkeka uliokuwa ukiteleza mlangoni aliutoa. Pipa la maji lililovuja njiani alilihamisha. Ndala zote zilizokwisha soli alizichoma. Njia ya chooni aliimwagia kokoto, akasimamisha miti kando yake na kufunga kamba ya mkonge ya kushikilia, na ukingo wa kizingiti akaupaka chokaa ili uonekane hata jioni. Majirani walimfanyia mzaha, wakimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii.

"Kwa huyu nyar Kisii hata kuku anaingia ameshika kamba!"

"Na anafika salama," Nyakerario aliwajibu. "Nyinyi ngojeni mvua."

Mvua ilikuja. Jirani mmoja akakaa chini kwenye tope bila kutaka, na juma lile lile kamba zikaonekana nyumba tatu.

Kisha akaenda kanisani, na huko hakukuwa na kuku wa kutania. Alimwendea Mzee Motari, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyependa amani kiasi cha kuwakubalia watu wawili wanaopingana. Kamati ya kanisa ilikubali bomba la kushikilia kando ya ngazi. Mubarak wa duka la vifaa vya ujenzi alilikata na kulichomelea.

"Mama Gesare," Mubarak alimwambia akikaza bomba, "ukimaliza hapa uje na msikitini kwetu. Pale tunapotawadhia wazee wanatembea kama wako juu ya barafu."

"Nitakuja. Wewe tayarisha mchanga na saruji tu."

Nyakerario aliposema na polishi iachwe, kamati haikuamua. Mzee Motari alisema litaombewa. Bochaberi, aliyekuwa ameketi pale pale, alitazama dirishani.

"Nyumba ya Bwana haiwezi kuwa chafu kwa sababu mtu alivaa viatu vibovu," alisema.

Tangu siku hiyo wanawake wale wawili waliuza ndizi meza moja wakisalimiana kama watu wa ofisini.

Ikafika Sabato ya shukrani. Nyakerario alimwambia mumewe, "Bomba lipo. Mimi nipo. Twende." Simeon alinyoa ndevu, akavaa raba mpya alizojishonea soli mara mbili, akashika fimbo, na wakaenda polepole, yeye akiimba kwa chini chini kujipa moyo. Njiani watu walimpigia makofi. Nyakerario alitembea kama bibi harusi.

Walipofika, ngazi ziliwaka kwa jua la asubuhi. Kwa sababu ya sherehe Bochaberi alikuwa amepaka mara mbili.

Mwenyewe alisimama juu mlangoni, mavazi meupe ya shemasi, kilemba cheupe, akikaribisha watu. Alimwona Simeon, na uso wake ukafurahi kwa kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

"Ndugu Simeon! Bwana asifiwe! Leo naona una viatu vizuri. Panda, baba."

Simeon alishika bomba. Akainua fimbo, akaiweka kwenye ngazi ya kwanza, akaiegemea kidogo.

Fimbo iliteleza pwaa, ikaanguka, ikabingirika mpaka miguuni pa Mzee Motari.

Nyakerario alimshika mumewe kiunoni. Ulimi wake ulikuwa umeshatangulia.

"Mama shemasi," alisema, "na fimbo nayo ina viatu vibovu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakohoa ili ionekane ni kikohozi. Bochaberi aliitazama ile fimbo. Kisha akamtazama Simeon, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mwenye kosa.

"Simeon," alisema polepole. "Siku ile. Ilikuwa viatu?"

Simeon alikuna kidevu. "Dada, ulikuwa umezipaka vizuri sana. Ningesema nini?"

Hapo maneno yakawa mengi. Mmoja alisema watandike zulia. "Zulia litateleza pamoja naye!" Nyakerario alisema. Mwingine alisema abebwe. Simeon akasema akibebwa leo, kila Sabato atabebwa, na hakuja kuwa furushi. Basi zioshwe. Lakini ni Sabato! Kusugua sakafu ni kazi. Mzee Motari aliulizwa, akakubaliana na pande zote mbili, kisha akakumbuka andiko.

"Bwana mwenyewe alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, utamtoa."

"Ndiyo," alisema mzee mwingine, "lakini huyu hajatumbukia."

Simeon aliinua kichwa. "Kwa hiyo ndugu zangu, mimi ni ng'ombe. Nakubali. Na mnangoja nitumbukie ndipo kunitoa kuwe halali?"

Kicheko kilipasuka hata ndani ya kanisa. Kilipotulia, Bochaberi alikuwa hayupo mlangoni. Alitokea kwa nyuma na themosi mbili za maji moto zilizoandaliwa kwa chai ya mchana, sabuni, na gunia la mkonge.

"Dada, chai yetu!" mama mmoja alilia.

"Utakunywa uji," Bochaberi alijibu. Alikunja gauni lake jeupe, akapiga magoti kwenye ngazi ya juu, akamwaga maji moto, akaanza kusugua. Wekundu ulipanda magotini na viganjani.

Nyakerario akamkabidhi Simeon kwa Mzee Motari, akavua viatu, akararua gunia vipande viwili, akapiga magoti kando ya rafiki yake.

"Unasugua kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga," alimwambia. "Kaza."

"Nyamaza, Mama Gesare. Nakaza." Kisha kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kwenye kamati."

"Si kwenye kamati. Pale kwenye meza. Kwenye ndizi."

Nyakerario aliendelea kusugua, bega lake likigusana na la Bochaberi.

Ndani, kwaya iliona haina la kufanya, ikaanza wimbo. Mstari wa kwanza ukapita bila besi. Wa pili ulipoanza, besi ilitoka nje, chini ya ngazi, kwa mtu aliyesimama akiegemea mzee wa kanisa, na Nyakerario akaisikia kwenye magoti yake juu ya saruji.

Walikausha ngazi kwa vitambaa, ya mwisho wakaikausha kwa kilemba cha Bochaberi. Ndipo Simeon akapanda. Mkono kwenye bomba, fimbo, mguu, akapumzika, tena. Fimbo haikuteleza. Alipofika juu alisimama, akageuka kwa watu, akainua raba yake waone soli.

"Haya sasa," alisema, "leteni viatu vyenu."

Jumapili yake fundi wa ujenzi aliweka saruji mpya kwenye ngazi, akaichora kwa ufagio mgumu kabla haijakauka. Polishi haikurudi. Bochaberi alikaa mwezi mzima bila huduma, akanuna, kisha akagundua kwamba kingo za ngazi zinahitaji chokaa nyeupe kila Ijumaa, tena chokaa hukauka kabla jua halijazama. Mvua ikinyesha yeye ndiye aliyesimama mlangoni na kitambaa, akiwagombeza hata wachungaji wafute viatu. Nyakerario alikwenda msikitini kama alivyoahidi, na wazee wa kule wakaanza kumwita mama wa ngazi.

Simeon aliimba besi misimu miwili ya mvua. Msimu wa tatu alilala usingizi wa mauti kwa ugonjwa wa kifua, nyumbani kwake, Nyakerario akiwa amemshika mkono. Asubuhi ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha, na Nyakerario alipofika kanisani alimkuta Bochaberi ameshakausha ngazi zote. Vijana walilibeba jeneza. Nyakerario akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Shikeni bomba, wanangu. Hana haraka." Hakuna aliyeteleza.

Yeye alipanda mwisho. Katikati ya bomba rangi ilikuwa imelika, mahali Simeon alipozoea kupumzika. Aliweka kiganja chake hapo.

"Asubuhi ile tarumbeta ikilia," alimwambia Bochaberi, machozi yakimteremka na tabasamu likimtoka, "akitoka kaburini kitu cha kwanza atauliza kama umepaka polishi."

"Mwambie kopo nililitupa," Bochaberi alisema, akimshika kiwiko.

"Utamwambia mwenyewe. Siku hiyo sote tutakuwepo."

Wakaingia ndani pamoja, na kwaya ilikuwa imeshaanza.