Pete Nyeusi kwenye Bastola ya Nikeli

Sikurudi Goma mikono mitupu. Nilirudi na diplome ya kupaka metali nikeli, nikaitundika ukutani mwa karakana yangu ya mtaa wa Himbi, niliyoijenga mwenyewe bila msaada wa mjomba wala askofu. Mabomba ya bafuni, tarumbeta za kanisani, vyote hung'aa nikivishika. Wengine husugua kila kitu kwa mchanga wa volkano, kama sufuria. Mimi hapana.

Asubuhi moja mlinzi wa mkubwa mmoja wa jeshi aliingia na bastola ya nikeli. Nilimwomba atoe risasi kwanza, akazitoa huku akinicheka. Mdomo wa bastola ulikuwa mweusi kwa masizi ya baruti, na ubavuni kulikuwa na mikwaruzo. Alishaisugua kwa mchanga.

"Muzee iko mu gari, anangoja," alisema, akaweka chupa mezani. "Paka hii dawa. Hii njo tunatumiaka ku bunduki zetu."

Niliinusa: amonia. Bunduki zao ni chuma kitupu. Chini ya nikeli hii kuna ngozi ya shaba. Dawa ikipenya mikwaruzoni itaila shaba, na nikeli itabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Atakayeulizwa ni mimi.

"Hapana, baba."

"Unakatala? Diplome njo ilikufundisha kukatalia mutu wa silaha?"

Nilimimina dawa yake kidogo kwenye glasi, nikatumbukiza kipande cha bomba kuukuu la nikeli lililokwaruzika. Kisha nikaanza kufuta bastola kwa mafuta na kitambaa laini, polepole. Masizi yalitoka, ikabaki pete moja nyembamba nyeusi mdomoni.

Muzee akaingia, akaonyesha ile pete. "Na hii?"

"Itatoka kwa mafuta, muzee, kwa muda wake. Leo nikiilazimisha, nikeli itaondoka nayo."

"Muzee, amekatala dawa!" alidakia mlinzi. "Anajifanya muzungu!"

Muzee aliipima bastola mkononi, macho kwangu. Nilimsogezea glasi. Dawa iliyokuwa nyeupe kama maji sasa ilikuwa buluu kama sketi ya mwanafunzi.

"Hiyo buluu ni shaba iliyoliwa. Ingekuwa ya bastola yako."

Aliitazama sana. Kisha akapitisha ukucha ubavuni mwa bastola. "Na mikwaruzo?"

"Bastola iliingia nayo."

Mlinzi aliangalia viatu vyake, akaichukua chupa yake. Muzee akamnyang'anya chupa, akaiacha mezani kwangu.

"Kuanzia leo bastola hii inakuja hapa tu."

Gari lilipoondoka ndipo nilipogundua nimekikamua kitambaa hadi mafuta yananichuruzika kiwikoni.