Mikono Miwili ya Pétronille

Kule kijijini Bihambwe, mwanamke akishikwa na uchungu, watu hawakuuliza wamwite nani. Walimwita Mukankusi, mama mfupi mwenye maneno mengi, aliyewafukuza wanaume uani kwa ufagio.

Mwaka 1947 alimpokea mjukuu wake mwenyewe. Kichwa kilitoka, bega likakwama, Mukankusi akavuta. Mtoto, Pétronille, alilia vizuri, lakini mkono wake wa kushoto ulining'inia, kiganja kikitazama nyuma.

Basi bibi akafanya alichodhani ni huruma: akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa, akakaza, usije ukaning'inia mtoto akibebwa mgongoni. Miaka miwili alikagua fundo kila asubuhi. Na tangu siku ile, akiitwa kuzalisha, alisema anaumwa kiuno. Uongo mtupu! Aliogopa mikono yake mwenyewe.

Mtoto akakua, akawa anapokea vitu kwa mkono mmoja. Kwao huo ni utovu wa adabu. Kitu cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Wageni walimkaripia: "We mutoto, hawakukufundisha?"

Mwaka 1952 Mukamurenzi, mama wa mtoto, alisikia kwamba daktari wa misheni anapasua mabega. Wakatembea siku mbili, bibi akiwafuata nyuma.

Daktari alijaribu kuugeuza mkono, ukagoma.

"Nani alifunga huyu mukono?"

"Njo mimi, Munganga," bibi akamjibu daktari. "Na kumuvuta, njo mimi."

Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba mishipa ya fahamu iliyoumia siku ya kuzaliwa hawezi kuirudisha, ila msuli uliokakamaa kwa kufungwa ataukata kidogo, na mwingine atauhamisha ili uugeuze mkono. Hakuahidi kitu.

Alipokwisha kupasuliwa, Pétronille alikaa wiki sita na plasta ngumu, mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Ilipotolewa, bibi alimgeuza kiganja kila siku, mara hamsini, mtoto akipiga kelele.

Miezi ikapita. Asubuhi moja jirani yao Sebahire alifika mbio; mke wake alikuwa na uchungu. Alimkuta Mukankusi akimpa mjukuu kibuyu cha maziwa. Pétronille alinyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukafuata, polepole, ukitetemeka, kiganja juu.

"Aksanti, Tate," akamwambia bibi yake.

Bibi akalia waziwazi, bila kujificha.

Sebahire akauliza kwa woga, "Mama, kiuno iko namna gani leo?"

"Kiuno gani?" akasema Mukankusi, akachukua ufagio. "Tangulia!"