Kasuku Aliyekohoa Kama Papa

Nilianguka magoti katikati ya parcelle, uwanja wa nyumba yetu, sahani ya samaki mukononi, pumzi ikakataa kuingia. Ndani ya nyumba bwana yangu, papa ya watoto, alikuwa amelala na homa ya siku nane. Dirishani kasuku wetu akakohoa. Watu wa nyumba wakacheka.

Walicheka sababu tulizoea kasuku kuigiza watu. Yule ndege alituletea furaha. Sisi watu wa maporomoko tunaishi na kelele ya maji, lakini yeye aliishinda. Shemeji yangu, kasuku alimwita "muvivu" kila asubuhi. Mimi aliniita, "Mama, samaki inaungua," nikakimbia jikoni, kumbe moto haujawashwa hata. Bwana yangu alikuwa anatafuna kwanga, ule mukate wa muhogo, anamupa mudomo kwa mudomo, ndivyo kasuku anajua mwenye kumulea.

"Papa, mimi hujanilisha hivyo tangu tuoane," nikamwambia.

"Wewe uko na meno," akajibu.

Donc, bwana yangu alipoanza kukohoa, na kasuku anakohoa, tukasema anamwigiza papa. Tukamupigia makofi. Macho ya kasuku yanatoa maji, manyoya yamesimama, kinyesi iko kijani, sisi tunasifu akili yake. Kumbe ni papa aliyekuwa anamufuata ndege kwa ugonjwa.

Ni munganga wa hospitali, kule Simi-Simi, aliyeuliza: "Munafuga ndege?" Akatueleza kuna kijidudu cha kasuku mugonjwa, kinapita kwa mate na mavumbi ya kinyesi, kinaingia mapafu ya mutu. Tukameza vidonge, mimi na bwana yangu. Kasuku naye akapewa dawa na munganga wa wanyama, ndani ya ndizi iliyoiva. Bon, wote watatu tukapona. Siku bwana yangu alipotembea mwenyewe mpaka mutoni, kasuku akamwita muvivu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Sasa anakula kwa sahani yake, na bado anatutukana.

Lakini mimi sisamehe. Yule muuzaji wa kasuku wa njia ya Bafwasende alijua. Jirani aliyepanda naye lori aliniambia: kasuku wanne walikufa kwa kukohoa, akawatupa porini, akaniuzia wa tano kama muzima. Mpaka leo anapita hapa, ananisalimia "mama" kwa heshima. Asimame mbele yangu na mbele ya bwana yangu, ajibu: alipowatupa wale wanne, alifikiri huyu wa tano ataenda kukohoa kwa nani?