Washa ya Arobaini na Nane

Ukitaka kumkera Mama Mikunjo, mwambie pazia ni kitambaa tu. Ameshona mapazia miaka ishirini na sita, na kwake pazia lisilotulia ni kama mgeni asiyetaka kukaa: humchosha kila aliyemo chumbani. Dawa yake iko chini, kwenye pembe mbili za upindo. Humo hushonea washa, kile chuma cha duara chenye tundu katikati kinachokaa chini ya nati. Hukiviringishia kitambaa kwanza kisije kikashika kutu, kisha hukifungia humo kwa mkono. Mteja hajui lolote, ila anaona pazia limesimama kama askari wa gwaride.

Maarifa hayo aliyapata kwa mumewe, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima ulimwita Spoku kwa wembamba wake. Spoku alipenda mpangilio. Kila washa iliyopita mikononi mwake aliikwaruza nambari kwa msumari, tano, sita, nane, kumi, kulingana na nati yake, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Alipofariki, pampu yake ilikwenda kwa shemeji. Makopo matatu yalibaki kwa mjane, na tangu hapo kila pazia lililotoka kwenye nyumba ile liliondoka na alama ya mkono wa Spoku.

Kazi ya ukumbi wa mikutano wa ofisi moja kubwa ya serikali aliletewa na binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa tarishi pale. Mapazia ishirini na manne, washa arobaini na nane, zote nambari nane kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizito, naye hakutaka kulipua kazi mahali mwanawe anapopatia riziki.

Miezi mitatu baadaye ikaanza kusemwa kwamba mambo ya ukumbini yanafika sokoni kabla hayajaandikwa. Mkuu wa ofisi alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na madirisha yaliachwa wazi kwa sababu ya joto; lakini hakuna aliyetamani kuwa wa kwanza kuliandika hilo. Wakaja maafisa usalama na kifaa cha kutafutia chuma. Kifaa kililia kwenye viti, wakavisamehe kwa kuwa ni misumari. Kikalia kwenye upindo wa pazia la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Hapo hawakusamehe. Binti alichukuliwa siku hiyohiyo, maana ndiye aliyesaini kitabu cha getini mama yake alipoingia na mapazia. Mama alifuatwa asubuhi yake.

Afisa aliyemhoji alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, ndipo akamuuliza anatumwa na nani. Mezani zilipangwa washa, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye lebo. Mama Mikunjo alipoziona alicheka, na kicheko kikaandikwa.

"Nambari nane ni nani?"

"Si mtu, mwanangu. Ni nati ya gurudumu la nyuma."

Afisa aliandika gurudumu la nyuma, akapigia mstari. Akauliza ni ngapi jumla. Mama, ambaye hakuona sababu ya kudanganya, alisema arobaini na nane. Mezani zilikuwa arobaini na saba. Kwa saa nzima iliyofuata hawakuzungumza jambo jingine. Alipoulizwa nani alimpa vyuma hivyo, alijibu mumewe. Yuko wapi? Makaburini. Afisa akauliza anafanya kazi gani huko, akatanabahi, akampa pole, akafuta mstari.

Siku ya nne mama aliomba waletewe mapazia mawili na feni, akarudishia washa mbili kwenye moja. Lisilo na chuma lilipaa, likabwaga chai ya afisa juu ya faili. Lenye chuma halikutikisika. Afisa aliyatazama yote mawili kwa muda mrefu, na mama akajua kwamba ameamini. Kumbe kuamini kwake hakukusaidia kitu, kwani barua ilishapelekwa juu ikisema vimekamatwa vinasa sauti arobaini na saba na kimoja kinatafutwa. Wa kuandika barua ya pili, kwamba ni vyuma vya baiskeli, hakupatikana.

"Mama, mimi nimekuelewa," afisa alisema, akishusha sauti. "Lakini faili haliwezi kufungwa bila mtu. Upo wewe, yupo binti yako, na yupo marehemu. Marehemu hasikii maumivu."

Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema vifaa ni vya marehemu, alivitumia kwa madhumuni aliyoyajua mwenyewe, na mjane na binti hawakujua. Akisaini, binti anatoka kabla ya saa tisa. Mama aliuliza mwanawe analala wapi. Sakafuni, akajibiwa, ila amepewa shuka. Akaomba angalau neno jasusi liondolewe. Afisa, kwa hisani yake, aliandika mshukiwa. Mama Mikunjo akasaini jina lake lote, polepole, kama anayefunga upindo.

Jioni ile walikuja kuchukua makopo. Hata mapazia ya nyumbani waliyachana pembe, kwa mkasi wake mwenyewe.

Binti aliambiwa njiani. Alijibu walipofika mlangoni.

"Baba alijua nati tu, mama. Ungeniacha mle."

"Ningekuacha mpaka lini?"

Wiki tatu zilizofuata mazungumzo yao hayakuvuka chumvi na funguo. Mtaani, wateja walifumua pindo zao wenyewe wakatupa washa chooni, na jamaa mmoja aliyewahi kuzibiwa pancha na Spoku zaidi ya mara kumi alikumbuka kwamba yule bwana alikuwa kimya mno.

Kisha afisa wa kalamu tatu akaja nyumbani, bila gari. Mapazia ya ukumbi, alieleza huku akitazama viatu vyake, sasa yanapepea mno. Anayepita barabarani anaona nani amekaa na nani. Mkuu amelalamika. Je, mama hawezi kuweka kitu kizito kidogo? Chochote, ila kisiwe chuma.

"Aliyeijua kazi hiyo mmemwandika mshukiwa," alisema Mama Mikunjo. "Mwandikeni fundi baiskeli, nami nitakuja na sindano yangu."

Afisa alisema faili limefungwa na ufunguo hauko kwake. Alisimama kidogo akitazama pazia la dirishani likimpepea usoni, akamwamkia tena shikamoo badala ya kuaga, akaondoka. Binti alikuwa jikoni. Alisikia yote, akaendelea kuosha vyombo.

Siku mbili baadaye binti alirudi kutoka kazini, ambako alikuwa amerudishwa, safari hii kushika ufagio, akaweka funguo zake juu ya cherehani, karibu na mkono wa mama. Katikati ya ufunguo wa mlango na wa kabati ilining'inia washa, nambari nane. Ilikuwa nyuma ya kabati la ukumbini, alisema, alipolisogeza kufagia. Getini aliweka funguo kwenye sinia kama kila siku. Mlinzi akazitazama, akamrudishia.

"Unajua wanaitafuta?"

"Najua."

Mama aliutazama mwandiko ule wa msumari. Ikikutwa nyumbani mwake, hakuna marehemu mwingine wa kuandikwa. Akakata kipande cha kitambaa, akaiviringisha, akampa binti ashike upindo wa pazia la dirishani huku yeye akitunga uzi. Walishona, vichwa vyao vikikaribia kugusana.

Pembe moja ya pazia ikatulia. Ya pili iliendelea kupepea.