Miche Mirefu ya Mama Futi

Mama Futi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa sababu futi yake ya kupimia haikushuka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na wapo walioapa kwamba alilala nayo. Ukipishana naye barabarani alikutupia jicho mara moja akajua kiuno chako, na kama umenenepa tangu mwaka jana alikuambia bila kuombwa. Kupima kulikuwa kazi yake, lakini kabla ya kuwa kazi kulikuwa ugonjwa wake. Utotoni, yeye na mdogo wake walipopewa karanga, alihesabu za kwake, kisha akahesabu za mwenzake, akaanza kulia kabla hajamaliza. Mama yao alichoka, akawa anawagawia kwa konzi ya mkono wake mwenyewe, moja huyu, moja huyu, na anayetaka kubishana abishane na mkono.

Huyo mdogo mtu walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Alifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, alikuwa na sauti laini, na watu walimpenda bila yeye kujitahidi. Hilo la kutojitahidi ndilo lililomuuma dada yake zaidi. Ukubwa jalala, husema watu, na Mama Futi aliamini jalala lenyewe ndiye yeye. Sare za shule za mdogo wake alizishona yeye, mama akiugua alimpeleka hospitali yeye, lakini sifa zilikwenda kwa aliyefika mwisho na tabasamu.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake peke yake. Mama yao alikuwa na tuta la nyanya kando ya ukuta wa jikoni, na kila msimu miche ya tuta lile ilitoka kwa Mama Futi. Alisia mbegu kwenye pakiti tupu za maziwa, akazipanga dirishani mwa chumba cha kushonea, na kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, alizigeuza moja moja ili miche isilalie upande wa jua. Mama alikuwa akimpigia simu kuuliza, "Miche yangu imefikia wapi?" Simu ya namna hiyo hakumpigia mtu mwingine. Mama Futi alijibu kwa kulalamika kidogo, maana mtu haonyeshi furaha ya kitu anachoogopa kunyang'anywa.

Kisha jirani akajenga ghorofa. Ukuta ulipanda mpaka lile dirisha likawa na giza la stoo mchana kutwa. Miche ya msimu ule ilitoka dhaifu, na mingi ikafia tutani. Mama Futi hakumwambia mama habari za ghorofa, alisingizia mbegu. Msimu uliofuata simu ilikuja kama kawaida, ila swali halikuwa lile. Mama alisema, kwa upole kabisa, "Safari hii usijisumbue, mwanangu. Mdogo wako amenunua mataa ya kukuzia miche ndani ya nyumba."

Usijisumbue. Siku hiyo alikuwa akishona gauni la watu la harusi, akaweka mkono wa kushoto kulia, akafumua, akauweka tena kulekule.

Mwisho wa wiki alikwenda kuyaona hayo mataa. Hakuwa amealikwa, akasema alikuwa akipita tu. Kitinda alimkaribisha moja kwa moja hadi chumba cha wageni, ambacho sasa wageni wake walikuwa mimea. Palikuwa na rafu ya chuma, na kila ngazi ya rafu ilining'iniziwa taa ndefu nyeupe kwa vijinyororo, chini kabisa, karibu kugusa majani. Ukutani kulichomekwa kifaa chenye saa, cha kuziwasha asubuhi na kuzizima jioni pasipo mtu kunyanyua kidole. Pembeni feni ndogo iliyumbisha majani taratibu. Wivu ulimjaa Mama Futi. Alitamani umeme ukatike mtaa mzima, hata kwake ukatike.

Halafu akaitazama miche yenyewe, moyo ukatulia. Ilikuwa mifupi. Ilikuwa na mashina manene na majani ya kijani kilichokolea, lakini mifupi, kila mmoja umechuchumaa kwenye kikopo chake. Jicho la fundi liliipima hapo hapo. Mataa yote haya, na feni juu yake, kumbe mazao yenyewe hayafiki goti la kuku!

Basi akasifu. Alisifu mno, kama anavyosifu mtu aliyekwisha kukuona umeshindwa. Kitinda, ambaye hila hakujaliwa, alimweleza dada yake kila kitu. Taa ikae karibu, alisema, upana wa kiganja tu juu ya majani, na mche ukipanda unaipandisha taa kidogo kidogo. Ukiiweka mbali, mche unaikimbilia.

Hapo ndipo Mama Futi alipopotea. Katika maisha yake hakuwahi kumpa fundi mwenzake mkato wa gauni ulio kamili. Akija mtu kuomba, alimpa wenye kasoro kidogo kwenye kwapa, ili ajue nani mwalimu na nani mwanafunzi. Kwa hiyo hakuweza kuamini kwamba mtu anaweza kutoa siri yake bure, tena kumpa mshindani. Njia nzima ya kurudi aliyachambua maneno ya mdogo wake. Kasema karibu, basi ukweli ni mbali. Kasema mche utaikimbilia taa, na uikimbilie, si ndiyo kukua kwenyewe? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu asiyesikia la mdogo hawakusema neno, na Mama Futi alijiona yuko salama.

Akanunua taa za aina ileile. Fundi umeme alipokuja aliuliza vijinyororo viwe na urefu gani, akaambiwa havihitajiki, taa zifungwe darini. Fundi alitazama dari, akatazama pakiti za maziwa sakafuni, akauliza kama kweli ni juu hivyo. Aliambiwa kwamba ameitwa kufunga, hakuitwa kushauri.

Miche ilipanda kama maziwa yanayochemka. Kila asubuhi Mama Futi aliipima kwa futi, na kila asubuhi ilikuwa imezidi ya jana. Iliupita urefu wa kidole, ikaupita wa kiganja, ikaendelea. Alishona akiimba. Wateja waliokuja kujaribu nguo walionyeshwa miche kwanza, nguo baadaye. Mmoja wao, bwana aliyekuja kupunguza suruali, alithubutu kusema kwamba mbona inaonekana kama imetoka kuugua. Suruali yake ilichelewa sana.

Ilipoanza kuinama, hakushtuka. Alichukua njiti za ufagio, akachomeka moja kila pakiti, akaufunga kila mche kwa uzi mwekundu na fundo dogo la kifundi lisilofunguka ovyo. Kisha akampigia mama simu, akamwambia asikubali miche ya mtu kabla hajaiona ya kwake. Tuta lile halikuwa kubwa, na wote watatu walijua halitoshi miche ya wawili. Mama alisema waje wote, ataitazama, halafu ataamua mwenyewe.

Siku ya kupanda, mama aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa jikoni. Kitinda alikuwa amefika mapema na sinia lake la miche mifupi. Mama Futi aliingia na boksi kubwa, akalifungua mbele ya mama, akavua futi shingoni, akapima mche mmoja hadharani, na wala hakuhitaji kutaja kipimo. Halafu akaupima mmoja wa Kitinda. Mama aliwaangalia wote wawili, akanyoosha mkono, akafungua fundo la uzi kwa kucha, akachomoa njiti.

Mche ulisimama kidogo. Kisha ukaanza kuinama, polepole, ukalala ubavuni mwa pakiti. Mama akachomoa njiti ya pili, na mche wa pili nao ukalala.

"Mwanangu," mama aliuliza, "huu umeukuza, au umeufunga?"

Aliuliza bila ubaya, na ndiyo maana iliuma. Mama Futi aligeuka kumtazama mdogo wake, akilisubiri tabasamu. Laiti Kitinda angetabasamu, dada mtu angepata kinyongo cha kumtosha mpaka uzeeni. Lakini Kitinda alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alichimba mfereji mrefu wenye kina kidogo, akaung'oa ule mche kwenye pakiti, akanyofoa majani yake ya chini, akaulaza na kulifukia shina lote, kikabaki kishungi cha majani juu ya udongo.

"Nyanya haina shida, dada," alisema. "Shina likifukiwa linatoa mizizi. Huu wako utakuwa na mizizi mingi kuliko wangu."

Akafukia wa pili, na wa tatu, na kila alipofukia mmoja wa dada yake alirudisha mmoja wa kwake kwenye sinia. Mama Futi alisimama na futi mkononi akiona urefu wote aliojivunia ukiingia ardhini. Hata wema kanizidi, alisema moyoni. Dakika ile alimchukia mdogo wake kuliko siku ya mataa, akajua anamchukia, akajua pia kwamba hana sababu, na hilo likamzidishia hasira. Alikaa hivyo mpaka alipoona mama anamtazama yeye, hamtazami Kitinda wala miche. Akapiga magoti na yeye, akaanza kunyofoa majani ya chini. Nusu ya tuta ikawa mifupi, nusu ikawa vishungi vyenye uzi mwekundu. Kitinda alitaka kuutoa uzi, mama akamkataza, akasema anataka kujua kila mche amuulize nani.

Siku zikapita, simu haikulia. Mama Futi alishona bila kuimba. Kisha asubuhi moja, mguu ukiwa juu ya cherehani, ikalia.

"Ile ya uzi mwekundu imeshika," mama alisema. "Na msimu ujao nataka pilipili. Hizo utaniotesha wewe."

Mama Futi alilalamika kidogo kuhusu kazi nyingi. Halafu akashindwa kujizuia, akauliza na ya Kitinda je.

"Ya Kitinda inaendelea vizuri," mama akajibu, akakata.

Siku nzima, akitia kola kwenye mashati, aliyapima maneno yale mawili. Imeshika. Inaendelea vizuri. Hakuweza kuamua lipi limezidi. Jioni alimpigia mdogo wake.

"Mdogo wangu, ile taa. Ulisema kiganja?"

"Kiganja, dada. Upana wake tu."

"Cha nani? Changu au chako?"

Kitinda alicheka, kicheko kile laini ambacho dada yake hajawahi kukipenda. "Chochote, dada. Vyote si vimetoka kwa mama?"

Mama Futi alikata simu. Akavua futi shingoni, akapima kiganja chake, akakariri kipimo, kisha akataka kupiga tena amwambie Kitinda na yeye apime cha kwake. Aliishika simu muda mrefu. Halafu akaiweka juu ya cherehani, akapanda kigodani, akaanza kuishusha taa.